Kompyuta pepe za wingu kwa biashara: mwongozo kamili wa kulinganisha mfumo wa zamani na wa kisasa

Ofisi nyingi zinazotaka kompyuta pepe hukwama mahali palepale. Anakuja fundi wa kwanza na bei ya seva za kukodi zenye Remote Desktop Services, programu ya Microsoft ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Anakuja wa pili na bei ya Windows 365 au Amazon WorkSpaces. Karatasi mbili zinawekwa mezani, na yenye bei ndogo inashinda. Miezi michache baadaye wahasibu wanalalamika kwamba kipanya kinasuasua, printa ya tawi haitoi risiti, na bili imepanda bila mtu kujua imepandia wapi.

Karatasi hizo mbili haziuzi kitu kimoja. Moja inakuuzia mashine. Nyingine inakuuzia mashine pamoja na kazi ya kuziendesha. Ukizilinganisha jinsi zilivyo utapata jibu baya hata kama hesabu yako haina kosa. Hatua zinazofuata zinazifanya zilinganishike kwanza, kisha zinakupeleka kwenye majaribio na watu wako wenyewe, kabla hujasaini chochote.

Kwa hesabu tutatumia mfano wa ofisi ya uhasibu ya watu 40: makao makuu Dar es Salaam, matawi Arusha na Mwanza, kazi zao ni Tally (programu ya uhasibu), Excel, barua pepe na Chrome. Weka namba zako mahali pa hizi.

## Zamani ni ipi, kisasa ni ipi

Katika mifumo yote miwili kompyuta ya mfanyakazi haiko mezani kwake. Iko kwenye kituo cha data. Picha ya skrini inamfikia kupitia intaneti, na anachobonyeza kinarudi kwa njia hiyohiyo.

Mfumo wa zamani: unakodi mashine pepe kwenye wingu, halafu unajenga kila kitu juu yake mwenyewe. Unahitaji seva za vikao (ambamo watu hufanyia kazi), seva inayompeleka kila mtu kwenye kikao chake, lango la kuingilia kutoka nje, seva ya leseni, domeini (orodha kuu ya akaunti za watumiaji) na hifadhi ya faili. Remote Desktop Services ndiyo maarufu. Citrix na Horizon, ambayo tangu 2024 iko chini ya kampuni ya Omnissa, nazo zinaingia hapa ukizisimika mwenyewe.

Mfumo wa kisasa: sehemu ya kati, yaani lango, uunganishaji na ukurasa wa kuingilia, inaendeshwa na mtoa huduma. Mifano ni Azure Virtual Desktop, Windows 365, Amazon WorkSpaces na Citrix DaaS. Zenyewe hazifanani. Kwenye Azure Virtual Desktop bado wewe ndiye mwenye mashine za vikao. Kwenye Windows 365 kila mtu anapewa mashine yake kwa bei isiyobadilika kwa mwezi, na habari za seva huzisikii kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya wafanyakazi wote, kazi zao na saa zao za kazi.
- Orodha ya programu zote, pamoja na karatasi za leseni zake.
- Orodha ya vifaa vinavyochomekwa: printa za risiti, skana, dongo za leseni (vifaa vya USB vinavyofungua programu), visoma alama za vidole.
- Bili za intaneti za kila tawi, na jina la kampuni inayoleta kila laini.
- Akaunti ya majaribio kwa watoa huduma wasiopungua wawili, yenye ukomo wa matumizi uliouweka mwenyewe.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "hapana". Akikosekana huyu, majaribio hugeuka kuwa mfumo kamili kimyakimya.

## Hatua ya 1: Wagawe watumiaji kwa kazi, si kwa vyeo

Keti na mtu mmoja au wawili wa kila idara saa ambayo kazi imepamba moto. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uandike RAM na prosesa zinazotumika. Andika pia idadi ya tabo za Chrome, idadi ya skrini, na kila kitu kilichochomekwa kwenye USB.

Katika mfano wetu tumepata makundi matatu. Watu 28 ni wa kati: Tally, Excel ya kawaida, barua pepe. Watu 8 ni wazito: Excel za mistari laki kadhaa na ripoti za kodi. Wanne ni wakaguzi wanaosafiri, wanaohitaji mashine ambayo hakuna mwingine anayeigusa.

Kama una mchoraji wa AutoCAD au mhariri wa video, mtoe kwenye hesabu ya wengine. Anahitaji mashine yenye kadi ya michoro, na mtu huyo mmoja asikupandishie bei ya watu 40.

Hatua imekamilika pale unapoweza kutaja kundi la kila mfanyakazi na kifaa chake bila kubahatisha.

## Hatua ya 2: Pima mtandao kutoka kwenye meza halisi

Hapa ndipo miradi mingi ya ukanda wetu inapofia, kwa hiyo tusiipite haraka.

Watu hupima kasi ya kushusha, wakaona Mbps 50, wakaridhika. Kwa kompyuta pepe kinachoumiza ni muda wa kwenda na kurudi: unabonyeza herufi, inasafiri hadi kituo cha data, picha ya herufi hiyo inarudi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kati yako na seva inaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na hakuna fundi wa kuzipunguza. Dar es Salaam hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, maana yake hutapata chini ya milisekunde 25. Amsterdam ni zaidi ya kilomita 7,000, kwa hiyo unaanzia 70 na kitu. Namba halisi huwa kubwa zaidi, kwa sababu nyaya hazipiti mstari ulionyooka.

Kwa huduma kubwa za kisasa, vituo vya karibu viko Afrika Kusini. Microsoft ilifungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ilifungua Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Fundi akikuwekea mashine Ulaya "kwa sababu ni nafuu", mwambie akuonyeshe vipimo.

Pima hivi:

1. Fungua mashine moja ndogo ya majaribio kwenye kituo unachokifikiria.
2. Ingia kutoka kila tawi, kwa Wi-Fi ileile wafanyakazi wanayoitumia. Waya maalumu wa fundi utakupa majibu yasiyo ya ofisi yako.
3. Kama ni Azure Virtual Desktop au Windows 365, bonyeza alama ya mawimbi ya mtandao kwenye upau wa juu wa kikao. Itakuonyesha muda wa kwenda na kurudi, upana wa laini, na kama mawasiliano yanapita kwa UDP au TCP, njia mbili za kusafirisha data.
4. Rudia saa tatu asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Siku moja kati ya siku za kupima iwe ya mwisho wa mwezi.

Microsoft inashauri muda usizidi milisekunde 150. Kwa maoni yangu, mtu anayeingiza namba kwenye Tally kutwa nzima anahitaji chini ya 100. Hapo juu yake atakuwa anasubiri tarakimu zitokee, atakosea, atarudia, na lawama atampa Tally.

Wastani usikudanganye. Tawi la Mwanza linaweza kuwa na wastani wa 80 huku kila dakika chache likiruka hadi 400. Hiyo ni laini mbaya kuliko ile inayotulia kwenye 120. Ukiona mawasiliano yanapita kwa TCP pekee, mwambie fundi wa mtandao akague kama fayawoli ya ofisi inazuia UDP. UDP huvumilia laini inayopoteza data vizuri zaidi.

Kuhusu upana wa laini, mwongozo wa Microsoft unataja Mbps 1.5 kwa mtumiaji mwepesi, 3 kwa wa kati, 5 kwa mzito. Tawi la watu 12 wa kati likadirie Mbps 36. Hawatavuta wote kwa sekunde ileile, ila siku ya kufunga hesabu watakaribia.

Onyo la laini ya pili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Ofisi yenye kampuni mbili za intaneti haina kinga ikiwa kampuni zote mbili zinategemea waya mmoja wa baharini. Waulize kwa maandishi: trafiki yangu ya kwenda Afrika Kusini inapita waya gani, na ukikatika inahamia upi? Kampuni isiyoweza kujibu isiwe laini yako ya akiba.

Onyo la mashine ya majaribio. Usiiache mlango wa 3389, ule wa kuingia kwa mbali, ukiwa wazi kwa dunia nzima, hata kwa mchana mmoja. Ruhusu anwani ya ofisi yako peke yake. Roboti za kubahatisha nywila zinapita humo usiku na mchana.

Mafanikio: una jedwali la kila tawi, lenye muda wa chini, wa kawaida na wa juu kabisa. Tawi lisilofika kiwango unalijua kabla hujamlipa mtu.

## Hatua ya 3: Andika nani anabeba nini

Chukua karatasi, andika kila kazi ya uendeshaji, na mbele yake jina la mtu. Jina kamili, si neno "IT".

| Kazi | Remote Desktop Services (RDS) uliyojenga mwenyewe | Azure Virtual Desktop | Windows 365 |
|---|---|---|---|
| Lango na cheti chake cha usalama | Wewe | Mtoa huduma | Mtoa huduma |
| Seva ya uunganishaji | Wewe | Mtoa huduma | Mtoa huduma |
| Seva ya leseni za vikao | Wewe | Haihitajiki kwa Windows 11 | Haihitajiki |
| Kuongeza na kupunguza mashine | Wewe | Wewe, kwa ratiba ya kujiendesha | Haihitajiki |
| Nakala mama ya Windows na programu | Wewe | Wewe | Wewe, kwa kiasi kidogo |
| Masasisho ya Windows | Wewe | Wewe | Wewe, kupitia sera |
| Nakala rudufu za data ya kampuni | Wewe | Wewe | Wewe |

Utazame mstari wa mwisho. Hakuna mfumo hata mmoja unaokuondolea jukumu la data. Wapo wanaohamia huduma ya kisasa wakaacha kabisa kuweka nakala rudufu, wakiamini wingu linajilinda. Wingu linalinda mashine zake. Faili aliyoifuta mhasibu wako ni juu yako.

Sasa iwekee kila "Wewe" muda wake kwa mwezi. Muulize fundi: cheti cha lango kikiisha muda Jumapili usiku, nani anakifanya upya, na watu wanaingiaje Jumatatu asubuhi? Seva ya uunganishaji ikidondoka, ipo ya pili? Majibu yakiwa "nitakuja", hiyo ni gharama, iandike. Zidisha saa hizo kwa malipo ya fundi kwa saa, kisha uongeze kwenye bei ya mfumo wa zamani. Mara nyingi pengo la bei lililoonekana kubwa hupungua au huisha hapa.

Kama una fundi wa kudumu anayeijua kazi hii vizuri na ana muda, sema hivyo wazi. Mfumo wa zamani mikononi mwake unaweza kuwa bora kwako, na hakuna aibu katika hilo.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya ukubwa

Kwa mashine zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja, kipimo cha kuanzia cha Microsoft ni watumiaji 4 wa kati kwa kila prosesa pepe, na wazito 2.

- Wa kati: 28 ÷ 4 = prosesa 7
- Wazito: 8 ÷ 2 = prosesa 4
- Jumla: 11

Chukua mashine mbili za prosesa 8 badala ya moja ya 12. Moja ikifa, iliyobaki itabeba watu 36 kwa wastani wa 4.5 kwa prosesa. Itakuwa nzito, lakini ofisi haitasimama.

RAM ndiyo inayosahaulika. Kwa watu wanaofungua Chrome siku nzima, RAM huisha kabla ya prosesa. Mashine ya prosesa 8 yenye GB 32 na watu 18 ndani yake inawaachia chini ya GB 1.8 kila mmoja, na Windows yenyewe bado haijachukua fungu lake. Mimi ningeanza na GB 64, nikapunguza baada ya majaribio.

Wakaguzi wanne wawekee mashine binafsi.

Jambo la kuzingatia: Windows 11 inayobeba watumiaji wengi kwa pamoja inapatikana kupitia Azure Virtual Desktop tu. Kwenye Remote Desktop Services watu watashirikiana Windows Server. Mashine za Amazon WorkSpaces zinazokuja na leseni ndani yake nazo ni Windows Server iliyovishwa sura ya Windows ya mezani. Baadhi ya programu hukataa kusimikwa kwenye Windows Server, kwa hiyo jaribu zako zote sasa, hasa za kodi na za benki.

## Hatua ya 5: Hesabu saa, usihesabu mashine

Mwezi una takriban saa 730. Ofisi inayofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 22, inatumia saa 220, yaani asilimia 30. Mashine inayolipiwa kwa saa ikiachwa inawaka mwezi mzima, unalipia saa 510 ambazo hakuna mtu ofisini.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kila fundi tafuta mambo haya.

Mashine zisizozimika. Kwenye mfumo wa zamani, lango, uunganishaji na domeini lazima viwake muda wote. Ziandike kwa saa 730. Seva za vikao pekee ndizo zinazoweza kuzimwa usiku, na lazima awepo mtu wa kuzizima, au programu ndogo ya kuzizima yenyewe.

Kuzima kusikozima bili. Kwenye Azure, ukizima Windows kutoka ndani ya mashine, bili ya mashine inaendelea. Mashine iko chini, lakini bado umeishikilia. Lazima uizimie kwenye portali, au ratiba ya kujiendesha ifanye hivyo, mpaka hali yake isomeke deallocated, yaani imeachiliwa. Hata hapo diski zinaendelea kulipiwa.

Hifadhi ya profaili. Kwa watu 36 wanaoshirikiana mashine, mipangilio na faili za kila mmoja hukaa kwenye kontena lake. FSLogix, chombo cha Microsoft cha kazi hiyo, huweka ukomo wa GB 30 kwa kila mtu usipoubadilisha. 36 × 30 ni GB 1,080. Hazijai siku ya kwanza, ila bajeti izijue.

Bei ya kudumu dhidi ya bei ya saa. Toa ada ya kudumu ya mpango wa saa kwenye bei ya mpango wa mwezi, kisha gawanya kwa bei ya saa. Kwa namba za kubuni: mpango wa mwezi ni dola 40, mpango wa saa una ada ya kudumu ya dola 10 kwa mwezi, pamoja na senti 30 kwa kila saa. (40 − 10) ÷ 0.30 = saa 100. Mkaguzi anayeingia saa 60 kwa mwezi anafaidika na mpango wa saa. Mhasibu wa saa 220 apewe mpango wa mwezi. Fanya hesabu hii kwa kila kundi peke yake.

Bili nyingi zitakuja kwa dola. Mwombe mhasibu wako akupe hesabu tatu: dola ikibaki ilipo, ikipanda asilimia 10, ikipanda asilimia 20. Akague pia kodi za huduma zinazonunuliwa nje ya nchi.

Mafanikio: una gharama moja ya mtu mmoja kwa mwezi kwa kila mfumo, na ndani yake umo mshahara wa kazi ya uendeshaji wa Hatua ya 3.

## Hatua ya 6: Leseni, moja baada ya nyingine

Remote Desktop Services hufanya kazi siku 120 bila leseni za watumiaji. Fundi anaweza kukukabidhi mfumo unaokimbia vizuri, mkapongezana, na asubuhi moja baada ya miezi kama minne kila mtu anakataliwa kuingia. Kabla ya kupokea mfumo, mwambie akufungulie seva ya leseni uone idadi zilizosimikwa na toleo lake. Leseni za toleo la 2019 hazifunguki kwa seva ya vikao ya 2022.

Kwa Azure Virtual Desktop yenye Windows 11, haki ya mtumiaji imo ndani ya Microsoft 365 Business Premium, F3, E3 au E5. Business Basic na Business Standard hazina. Business Standard ina shimo jingine: programu zake za Office hazina kibali cha kutumika kwenye mashine ya watu wengi. Ofisi iliyonunua Business Standard kwa watu 40 na kupanga kuwaweka kwenye mashine za pamoja italazimika kupandisha mpango, na hiyo ni pesa ya kila mwezi.

Windows 365 Business inaishia watumiaji 300 na haidai leseni nyingine ya Windows. Toleo la Enterprise linataka kila mtumiaji awe tayari na leseni za Windows Enterprise, Intune (ya kusimamia vifaa) na Entra ID P1 (ya akaunti za kuingilia).

Kwa programu nyingine, mwandikie muuzaji swali moja: leseni hii inaruhusiwa kwenye seva ya watu wengi, na mashine ikijengwa upya itajiwasha yenyewe? Leseni nyingi hufungwa kwenye mashine moja. Mashine za kisasa hufutwa na kujengwa upya mara kwa mara kutoka nakala mama, na leseni ya namna hiyo hufa nazo.

## Hatua ya 7: Usalama na sheria

Kwenye mfumo wa zamani lango ni lako, liko wazi kwenye intaneti, na kila tundu lake ni lako pia. Tundu la BlueKeep la Mei 2019 liliwaruhusu wavamizi kuingia kwenye matoleo ya zamani ya Windows bila nywila yoyote, kupitia huduma hiihii ya kuingia kwa mbali. Azure Virtual Desktop imegeuza mwelekeo: mashine yako ndiyo inayopiga simu kwenda kwa mtoa huduma, kwa hiyo hufungui mlango wowote wa kuingilia.

Kwa mfumo wowote, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mtu, mkurugenzi akiwemo. Amua pia nani anaruhusiwa kunakili faili kutoka kompyuta pepe kwenda laptopu yake. Ukiliacha wazi hili, data uliyoitoa kwenye laptopu itarudi kulekule.

Upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya na Uganda zina zao za 2019, Rwanda ya 2021. Zote zina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kituo cha Johannesburg ni nje ya nchi. Mwonyeshe mwanasheria orodha ya data zako kabla ya kuhamisha.

Sheria ikikubana, mfumo wa zamani una nguvu ambayo karatasi za bei hazionyeshi: unaweza kuujenga kwenye kituo cha data cha ndani ya nchi. Muda wa kwenda na kurudi unakuwa mdogo sana, na waya wa baharini ukikatika kazi inaendelea. Sharti ni kwamba hata kuingia kusitegemee huduma ya nje. Ukiweka seva Dar es Salaam lakini uthibitishaji wa nywila ukafanyika Ulaya, waya ukikatika watu wote watabaki nje ya mlango.

## Hatua ya 8: Jaribu na watu halisi, mwisho wa mwezi ukiwa ndani

Chagua watu 6 hadi 8 kutoka makundi yote na matawi yote. Awepo yule mlalamikaji wa ofisi, maana ndiye atakayekuambia ukweli. Kila mfumo upate angalau wiki moja na watu walewale, na mmoja wao upitie siku za kufunga hesabu.

Fanya majaribio haya mbele yako:

- Chomoa waya wa intaneti mtu akiwa katikati ya kuandika. Subiri dakika kumi, rudisha. Anatakiwa kuikuta kazi yake ilipoishia, hata sentensi ambayo hakuihifadhi. Asipoikuta, muda wa kufunga vikao vilivyokatika umewekwa mfupi mno. Umeme ukikatika Arusha kila mtu atapoteza kazi, wakati hii ndiyo faida kubwa ambayo kompyuta pepe ilikuja kukupa.
- Angalia ratiba ya kuzima usiku. Je, inamhesabu mtu aliyekatika mtandao kama hayupo? Weka onyo kwenye skrini na muda wa kutosha kabla mashine haijazimwa.
- Chapisha kutoka kila tawi, kuanzia risiti ndogo hadi ripoti ya kurasa 60. Kisha skani kurasa 20. Kuskani kupitia USB iliyoelekezwa kwenye wingu huwa taabu kubwa. Mara nyingi ni bora skana ipeleke faili kwenye folda moja kwa moja.
- Piga simu ya video. Kwa Teams, hakikisha picha na sauti vinatoka kwenye kompyuta ya mezani moja kwa moja, badala ya kuzunguka hadi kwenye kompyuta pepe na kurudi.
- Zima mashine moja ya vikao saa ya kazi, uone watu wanarudi kwa njia gani na baada ya muda gani.
- Ingieni wote kwa pamoja saa mbili asubuhi. Ukiona mtu amekutana na skrini tupu, ikoni zake hazipo, na Outlook inamuuliza anwani ya barua pepe kama mgeni, amepewa profaili ya muda. Kwa kawaida kontena lake limeshikwa na kikao cha jana ambacho hakikufungwa vizuri. Mwambie atoke mara moja asifanye kazi, kwa sababu kila atakachohifadhi humo kitapotea akitoka. Fundi afunge kikao cha jana kwanza.

Hifadhi ya profaili iwe kituo kimoja na mashine za vikao. Profaili zikiwa Ulaya na mashine zikiwa Johannesburg, kuingia kutachukua dakika badala ya sekunde, na hakuna mpangilio utakaoliponya hilo.

Mafanikio si watu kusema "iko poa". Mafanikio ni kufunga hesabu za mwezi bila mtu yeyote kurudi kwenye kompyuta yake ya zamani. Waulize hilo mmoja mmoja, pembeni.

## Hatua ya 9: Amua kwa kila kundi, na pima njia ya kutoka

Si lazima ofisi nzima iwe na mfumo mmoja. Kwa mfano wetu, kama matawi yote yamepita kwenye Hatua ya 2, ningewaweka wale 36 kwenye mashine za pamoja za Azure Virtual Desktop zenye ratiba ya kuzima, na wakaguzi wanne kwenye mashine binafsi. Kama ofisi haina fundi kabisa, ningehesabu Windows 365 kwa wote, hata kama kila mtu atagharimu zaidi kidogo, kwa sababu hakuna wa kutunza mashine za pamoja. Mfumo wa zamani ningeuchagua kwa mambo matatu: data kubaki ndani ya nchi, programu isiyokubali kitu kingine, au fundi mzuri aliyepo tayari na leseni zilizokwishalipwa.

Anza na mkataba mfupi kuliko wote unaopatikana. Punguzo la mwaka mmoja au mitatu lisubiri mpaka uwe na bili za miezi kadhaa zinazofanana.

Kabla ya kusaini, mchague mfanyakazi mmoja wa majaribio na umtoe kabisa kwenye mfumo, kama vile ameacha kazi. Fuata data yake inavyokwenda. Kwenye Windows 365 Enterprise, ukiondoa leseni ya mtu, mashine yake inapewa siku 7 kisha inafutwa. Kwenye Amazon WorkSpaces, ukifuta mashine ya mtu, faili zake zinaondoka nayo moja kwa moja. Andika utaratibu wa kunakili faili hizo na jina la anayehusika, kisha zirudishe kwenye kompyuta ya kawaida isiyo ya mtoa huduma huyo na uzifungue: Excel, barua pepe, data ya Tally. Zikifunguka zote, saini.